Kumkumbuka Baba Aliyekufa: Sifa au Kweli?

Hakuna mtu mzima kati yetu ambaye hajakaa matangani. Tumekaa juu ya mikeka, tumeota moto wa usiku, tumesikiliza wasemaji wakisimama mmoja baada ya mwingine. Na kama marehemu alikuwa mume, tena baba wa watoto na babu wa wajukuu, maneno ya wasemaji tunayajua hata kabla hawajafungua kinywa. Alikuwa mwema. Hakugombana na mtu. Hakuna mgeni aliyelala njaa kwake. Nguzo ya ukoo imeanguka. Basi watu hulia, huimba, hula, na siku ya mwisho kila mmoja hurudi kwake. Mwaka ukipita, wajukuu wadogo hawajui kitu juu ya babu yao ila neno moja tu: alikuwa mwema.

Leo nataka tuulize swali ambalo wengi wanaliogopa. Je, kumkumbuka baba aliyekufa ni kumsifu tu? Ao tuna wajibu wa kumkumbuka jinsi alivyokuwa kweli, pamoja na mapigano ya roho yake na makosa yake? Swali hili si la wasomi peke yao. Limo ndani ya kila nyumba yenye kaburi. Mimi nafikiri kwamba sifa za uongo, hata zikitoka katika mapendo, zinawaibia watu watatu. Zinamwibia mjukuu njia yake. Zinamwibia mjane nyumba yake. Na zinamwibia marehemu mwenyewe sala anazozihitaji. Tutayatazama mambo haya moja moja.

Kwanza tuwasikie wale wasiokubali. Wanasema: "Mfu hasemwi vibaya, maana hawezi kujitetea." Neno hilo lina haki ndani yake, wala tusilidharau. Mafundisho ya Kanisa yanatenganisha dhambi mbili za ulimi. Kuna masingizio, maana yake kumtwika mtu kosa asilolifanya. Tena kuna masengenyo, maana yake kufunua kosa la kweli la mtu pasipo sababu ya haki. Zote mbili ni dhambi, na kifo cha mtu hakizigeuzi kuwa halali. Siri ambayo mume alimwambia mke wake usiku, aibu ambayo jirani hakuijua, mambo hayo yaende naye kaburini. Na mtu anayesimama matangani ili alipe kisasi chake ni mwoga, kwa sababu alinyamaza wakati mzee alipokuwa na nguvu za kumjibu.

Lakini kutunza siri ni jambo moja, na kusema uongo ni jambo lingine. Katikati yao kuna njia: kusema kweli kwa mapendo, juu ya mambo ambayo nyumba nzima iliyaona, kwa faida ya wale wanaobaki. Mama akimwambia mtoto wake, "Baba yako alikuwa mwepesi wa hasira, lakini alijifunza kuomba msamaha," hamsengenyi mume wake. Anamgawia mtoto urithi.

Tazameni Maandiko Matakatifu. Hakuna mfalme aliyependwa na Waisraeli kuliko Daudi. Walimkumbuka kizazi baada ya kizazi. Hata hivyo, kitabu cha pili cha Samweli kinasimulia waziwazi jinsi alivyomtwaa mke wa Uria, na jinsi alivyofanya mpango Uria afe vitani. Kinasimulia pia jinsi nabii Natani alivyomkaripia, na jinsi mfalme alivyokiri kosa lake. Tena Mateo, mwanzoni mwa Injili yake, anapotuandikia orodha ya mababu wa Yezu Kristu, anamtaja mama wa Solomoni kwa njia moja tu: yule aliyekuwa mke wa Uria. Angeweza kuruka neno hilo. Hakuliruka. Orodha ya mababu wa Mwokozi mwenyewe haikusafishwa kwa uongo. Basi sisi ni nani hata tuzisafishe zetu?

Mfano wa pili unatoka katika Afrika yetu. Mtakatifu Agostino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ulio leo katika inchi ya Algeria. Mama yake, Mtakatifu Monika, anajulikana na Wakristu wote. Baba yake, Patricius, anajulikana kidogo tu, na yote tunayoyajua juu yake tumeyapata hasa kwa mwanawe. Agostino anaandika nini? Anasema kwamba baba yake alikuwa mtu wa hasira kali, tena hakuwa mwaminifu katika ndoa. Anasema pia kwamba baba huyo alifikiri sana juu ya masomo ya mwanawe na ustadi wake wa kusema, lakini juu ya usafi wa moyo wake hakujali. Maneno hayo ni magumu kutoka kinywani mwa mtoto.

Lakini mwana huyuhuyu haachi kuandika upande mwingine. Patricius hakuwa tajiri. Walikuwapo watu katika mji wenye mali nyingi kuliko yeye, ambao hawakujisumbua hivyo kwa ajili ya watoto wao. Yeye alitoa kupita uwezo wake ili kijana aende kusoma mbali, huko Carthago. Na ijapokuwa hasira yake ilikuwa kali, hakumpiga Monika, hata wanawake wengine wa mji wakashangaa. Karibu na mwisho wa maisha yake akawa Mkristu. Alikufa Agostino akiwa kijana wa miaka 17 hivi. Miaka mingi ikapita, Agostino akawa askofu; naye katika kitabu chake cha Maungamo anawaomba wasomaji wawakumbuke altareni wazazi wake wote wawili, Monika na Patricius. Mnaona? Hakumficha baba yake, wala hakumtupa. Alimsema kweli, halafu akamwombea. Ndiyo maana hata leo, baada ya miaka zaidi ya 1,600, Patricius ni mtu kwetu, mwenye damu na jasho, si jina tupu juu ya jiwe.

Sasa tufike kwa mjukuu. Kwa nini nasema kwamba sifa za uongo zinamwibia njia yake?

Nitasimulia habari ya mzee mmoja wa pwani ya ziwa Tanganyika, ambaye sitamtaja jina. Alikuwa seremala. Milango mingi ya kijiji ilitoka mikononi mwake, na majeneza mengi pia, na jeneza la mtoto hakulitoza franga hata moja. Alioa ndoa takatifu, akazaa, akaona wajukuu, hata kitukuu mmoja. Lakini alikuwa na hasira. Siku moja mwanawe wa kwanza aliacha masomo, na mzee akamfukuza nyumbani usiku, mvua ikinyesha. Kijana akaenda Kalemie kutafuta kazi. Miaka mitatu hawakuonana. Mwaka wa nne yule baba akauza mbao zake nzuri, akapanda mashua, akamtafuta mwanawe mpaka akamwona. Hakumwita kando. Alimwomba msamaha mbele ya watu waliokaa naye, yeye baba, akimwomba mtoto. Wote wawili wakarudi pamoja.

Mzee huyo alipokufa, mimi nilikuwapo ili kuongoza sala. Mdogo wake marehemu akasimama, akasema kama desturi: "Kaka yangu hakukasirika hata siku moja." Watu wakainamisha vichwa, maana wote walijua. Ndipo yule mwana wa kwanza akasimama. Sasa naye ni mtu mwenye mvi. Akasema: "Baba mdogo, uniwie radhi. Baba yangu alinifukuza. Halafu alinifuata. Watu wengi wana baba asiyewafukuza. Lakini mimi nina baba aliyenifuata, na jambo hilo sitaki lizikwe." Kisha akasimulia habari yote. Hakuna aliyeona haya. Watu walilia kwa namna nyingine, kama watu wanaomlilia mtu wanayemjua.

Kesho yake mjukuu mmoja, kijana wa miaka 16, akaja kwangu. Kijana huyo alikuwa amefukuzwa shuleni kwa ajili ya kupigana. Akaniuliza: "Mwalimu, ni kweli babu alikuwa na hasira kama mimi?" Nikamjibu kwamba ni kweli. Akanyamaza kidogo, akauliza tena: "Basi alifanya nini mpaka ikapungua?"

Wapenzi wasomaji, lipimeni swali hilo. Kama kijana angesikia tu kwamba babu yake hakukasirika hata siku moja, angejifunza nini? Angesema moyoni: "Babu alizaliwa mwema, mimi nimezaliwa mbaya, kati yetu hakuna njia." Sifa ile ingekuwa ukuta. Lakini kweli ilikuwa daraja. Alitambua kwamba moto unaomchoma yeye ulimchoma babu pia, na kwamba babu alipigana nao, akaanguka, akainuka. Tunarithi kwa wazee wetu uso, sauti, mwendo, na mara nyingi majaribu yao pia. Kama tukirithi majaribu bila habari ya mapigano, tumerithi ugonjwa bila dawa.

Jambo la pili ni mjane. Katika matanga mengi mke wa marehemu hukaa juu ya mkeka, kichwa kimefunikwa, naye haulizwi neno. Wanaosema ni ndugu, wakubwa wa ukoo, rafiki wa kazi. Lakini nani alimjua mtu huyo kuliko yeye? Rafiki wa kazi walimwona mchana. Ndugu walimwona siku za arusi na za vilio. Mke alimwona alipokuwa mgonjwa, alipokosa fedha, alipoamka usiku kwa hofu. Kumkumbuka mume wa mtu bila kumsikiliza mke wake ni kama kuhukumu shauri bila kumwita shahidi wa kwanza.

Katika matanga yale ya seremala, mjane aliomba ruhusa kusema. Wengine walinung'unika, lakini alisema. Alisema kwamba watoto wake wawili wa kwanza walikufa kabla ya kutambaa. Jamaa wa mume wakamshauri seremala amrudishe mwanamke kwao, atwae mwingine. Naye akawajibu kwamba aliapa mbele ya altare kukaa na mwanamke huyu, hakuapa kukaa na watoto ambao hawajazaliwa. "Kwa neno hilo," akasema mama, "ninyi nyote watoto wangu mmepata kuwapo." Katika hadhara ile hakuna mtoto wala mjukuu aliyekuwa amesikia habari hiyo. Mwema huyo waliyekuwa wakimsifu hawakujua bado wema wake mkubwa kuliko yote.

Lakini usiku uleule, nyuma ya nyumba, wengine walikuwa wamekwisha kuulizana juu ya funguo, juu ya vyombo vya useremala, na juu ya nani atakaa katika nyumba. Mambo haya mnayajua. Mchana marehemu anaitwa nguzo ya ukoo. Jioni mke wake anaambiwa akusanye nguo zake. Nawaulizeni, je, sifa za namna hiyo ni sifa? Nyumba ile seremala aliijenga kwa ajili ya nani? Anayemsifu mume na kumfukuza mke anaibomoa kazi ya marehemu kwa mikono yake, huku mdomo wake ukiimba.

Hapa hata serikali inafundisha haki. Sheria ya jamaa ya inchi yetu, iliyotolewa mwaka 1987 na kurekebishwa mwaka 2016, inasema kwamba warithi wa kwanza ni watoto wa marehemu, nao wanapata sehemu 3 kati ya 4 za urithi. Tena mjane ana haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyokaa pamoja, na vyombo vya nyumba vilivyomo. Lakini Mkristu asingoje hakimu. Katika Agano la Kale Mungu anaitwa mtetezi wa mjane na yatima, na mzee Tobiti, alipodhani kwamba kifo chake ni karibu, alimwagiza mwanawe amheshimu mama yake siku zote za maisha yake. Baba akifa, wosia wake wa kwanza ni mama aliyebaki, hata kama hakuandika karatasi. Katika habari yangu wale watoto walisimama pamoja, wakaonyesha karatasi, wakazungumza na baba zao wadogo kwa heshima mpaka wakaelewana. Mama yao yuko katika nyumba yake mpaka leo.

Jambo la tatu ni marehemu mwenyewe, nalo wengi hawalifikiri. Tukisema kwamba mtu hakuwa na kosa lolote, tutamwombea nini? Asiye na deni halipiwi. Mara nyingi nimeona jamaa wakitoa fedha nyingi kwa nguo za sare, kwa vinywaji na chakula, kwa jeneza la kung'aa, na nia moja ya Misa hawakuikumbuka. Walikwisha kumtia mbinguni kwa maneno yao, wakamwacha. Lakini Kanisa linatufundisha kwamba roho nyingi zilizokufa katika urafiki na Mungu zinahitaji kutakaswa toharani, na kwamba sisi tunaweza kuzisaidia.

Kitabu cha pili cha Wamakabayo kinasimulia habari inayotufaa. Baada ya vita, Yuda Makabayo na watu wake walikwenda kuzika wenzao waliouawa. Chini ya nguo za wafu hao wakaona sanamu ndogo za miungu, vitu vilivyokatazwa na sheria. Yuda hakusema, "Tufunike, hawa ni mashujaa." Wala hakusema, "Tuwaache, hawa ni waovu." Walisali, akachanga fedha, akazipeleka Yeruzalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya dhambi yao. Kwa sababu aliona kosa, alijua la kuombea.

Mtakatifu Agostino naye, karibu na mwaka 421, alimwandikia Paulino, askofu wa Nola huko Italia, juu ya kuwatunza wafu. Alieleza kwamba mazishi mazuri na kaburi zuri ni faraja ya wazima kuliko msaada kwa wafu. Hakuyakataza, maana mwili wa mwamini unastahili heshima. Lakini kinachowasaidia wafu, alisema, ni sadaka ya altare, sala na matendo ya huruma. Na mama yake Monika, alipokaribia kufa huko Ostia mwaka 387, hakujali mwili wake uzikwe wapi. Aliomba jambo moja tu, akumbukwe altareni. Huyo mwanamke tunayemwita mtakatifu hakudhani kwamba hahitaji kuombewa. Basi baba zetu watakuwa hawahitaji?

Sasa mtu anaweza kuniuliza: "Na kama baba alikuwa mbaya kweli, aliyepiga, aliyekula mali ya watoto, aliyekufa bila kuomba msamaha, nitamkumbuka namna gani?" Swali hilo ni la machozi, wala silijibu kwa wepesi. Nasema hivi tu. Hakuna anayekulazimisha kumsifu. Amri ya kuwaheshimu wazazi haituagizi kusema uongo. Unaweza kunyamaza matangani, nao ni unyamavu wa haki. Unaweza kuwaambia watoto wako, wakati wao ukifika, kwamba babu yao aliumiza watu, na kwamba maumivu hayo yamekoma kwako. Na unaweza kumwombea, hata kama moyo bado ni mzito. Sala haihitaji kwanza uone mapendo. Mara nyingi mapendo huja nyuma yake, polepole, kama mtu anayechechemea.

Njia ya mwongo ni fupi, wasema wazee. Sifa ya uongo hufika mpaka siku ya mwisho ya matanga, haina nguvu ya kwenda mbele. Kweli iliyosemwa kwa mapendo huenda mbali, kwa sababu wajukuu wanaweza kutembea nayo.

Basi, ndugu wasomaji, mwezi wa kumi na moja ukifika, mwezi tunaowakumbuka marehemu wetu, fanyeni mambo matatu. La kwanza, jioni moja waketisheni watoto karibu na bibi yao, mwombeni asimulie: babu alimwoa namna gani, walipata taabu gani, aliomba msamaha siku gani. Msikilizeni mpaka amalize, asikatwe neno. La pili, jiulizeni kama kuna deni la marehemu lisilolipwa, ao mtu wa nyumba yake asiyetunzwa, na mfanye inavyopasa. La tatu, mpelekeeni padri nia ya Misa kwa jina la baba yenu, nanyi wenyewe mwende kwenye Misa hiyo.

Wale wasioweza kwenda kaburini, kwa sababu ya umbali ao kwa sababu vita vimewahamisha, wasihuzunike kupita kiasi. Altare iko karibu kuliko kaburi. Mungu anawajua baba zetu kuliko tunavyowajua sisi, naye anawapenda akiwa na kweli yao yote mikononi mwake. Awapokee, awatakase, na atupe sisi wana wao kufuata mwendo wao mwema na kutengeneza walipokosa.